Dawa ya kuyeyusha damu, au ya kuzuia damu kuganda?

SWALI: Mama yangu, hapa Ngamiani, Tanga, ameandikiwa vidonge vya warfarini. Jirani akamwambia ni dawa ya kupunguza damu. Mama akaogopa, akaacha kumeza siku mbili. Wengine husema ni ya kuyeyusha damu. Karatasi aliyopewa inasema "hufyonzwa tumboni na kumeng'enywa kwenye ini". Lipi sahihi?

JIBU: Kwanza mpe pole mama, na daktari wake aambiwe leo kuhusu hizo siku mbili.

"Kupunguza damu" ndilo baya kuliko yote. Mtu akiambiwa damu imepungua, hukimbilia maini na juisi ya rozela. Mama hakukosea kuogopa.

"Kuyeyusha" lina afadhali, ila nalo linapotosha. Tazama chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe: yameganda, meupe. Ukiianika juani, yanayeyuka. Warfarini haifanyi kazi ya hilo jua. Bonge la damu lililokwisha kuganda hailiyeyushi. Huzuia lisikue, na jingine lisifanyike. Ini hutumia vitamini K kukamilisha protini za kugandisha damu, na dawa hii huikatiza kazi hiyo. Protini zilizokuwamo mwilini tayari huchukua siku kadhaa kwisha, ndiyo maana kidonge huingia damuni kwa saa chache, lakini nguvu yake kamili huonekana baada ya siku 5 hadi 7. Basi iitwe "dawa ya kuzuia damu kuganda". Jina refu, lakini la kweli.

"Kufyonzwa" ni neno zuri: dawa huvutwa kama mchanga unavyofyonza maji. Ila ningeandika "utumboni", maana tumbo ni lote, na kazi hiyo ni ya utumbo.

"Kumeng'enywa" naelewa lilikotoka. Ini lina vimeng'enya, na ndivyo vinavyoibadilisha warfarini hadi iishiwe nguvu. Lakini kwa msomaji wa kawaida, kinachomeng'enywa ni chakula. Wataalamu wana "umetaboli", yaani mabadiliko ya kikemikali ndani ya mwili. Karatasi ya mgonjwa ingesema tu "hubadilishwa na ini", kisha figo huchuja mabaki yakatoka na mkojo. Kuchuja ni kwa figo, tusilipe ini.

Mama mwambie hivi: "Damu yako haipungui, mama. Dawa inaizuia isigande ovyo. Mchicha na kisamvu vina vitamini K nyingi, kwa hiyo ule kwa kiasi kilekile ulichozoea, usizidishe wala usiache ghafla."