Tagi ya kufungulia msimbo wa PHP: fupi au ndefu?

Fungulia kila faili la PHP kwa `<?php`. Tagi fupi `<?` iache, hata kama kwenye kompyuta yako inakubali. Inategemea mpangilio wa `short_open_tag`, na mafaili ya mfano ya `php.ini` (faili la mipangilio ya PHP) yanayokuja na PHP yameuzima. Seva utakayohamia huenda inafuata hayo, na `ini_set()`, inayobadilisha mipangilio kutoka ndani ya msimbo, haiwezi kuuwasha.

Hatari yake ni kwamba mpangilio ukizimwa, PHP hailalamiki. Inaona `<?` ni maandishi ya kawaida, inayatuma kwa kivinjari yalivyo. Ukurasa utaonekana mtupu au nusu, kwa sababu kivinjari huficha kinachofuata `<?` hadi kikutane na `>` ya kwanza. Lakini mgeni akifungua chanzo cha ukurasa atasoma yote, nenosiri la hifadhidata likiwemo! Hata ukikagua sintaksia kwa amri ya `php -l` utaambiwa faili halina kosa. Kwake humo hamna PHP ya kukagua.

Mpangilio ukiwashwa nako kuna shida: faili linaloanza na `<?xml version="1.0"?>` linavunjika, kwa kuwa PHP inadhani `xml` ni msimbo wake.

`<?=`, tagi ya kuchapisha thamani, ni habari nyingine. Tangu PHP 5.4 inafanya kazi daima, mpangilio uwe umewashwa au umezimwa, na kanuni za PSR-1 (mwongozo wa uandishi wa msimbo wa PHP) zinaruhusu hiyo na `<?php` tu. Itumie bila wasiwasi kwenye violezo:

`<li><?= htmlspecialchars($jina) ?></li>`

Ukirithi msimbo wa zamani, tafuta tagi fupi zilizobaki:

`grep -rniP '<\?(?!php|=|xml)' --include='*.php' .`

Usibadilishe kila `<?` kwa mkupuo. `<?=` itageuka `<?php=`, na `<?if` itageuka `<?phpif`; zote mbili ni mbovu. Baada ya `<?php` lazima kuwe na nafasi au mstari mpya. Ukimaliza, kagua kila faili kwa `php -d short_open_tag=0 -l`, kisha lifungue kwenye kivinjari na usome chanzo chake.

Faili lenye PHP tupu usilifunge kwa `?>`. PHP humeza mstari mpya mmoja tu baada yake. Nafasi au mstari wa ziada unatumwa kwa kivinjari, na `header()` (inayotuma vichwa vya HTTP, ambavyo lazima vitangulie maudhui) itakayoitwa baadaye inaweza kugoma kwa "headers already sent".