Wasipelekwe nje, watibiwe walipo

Umeuliza kama si afadhali michango yote itumike kuwapeleka watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, nje wakapandikizwe uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Hapana ndugu yangu. Fedha za kumsafirisha mtoto mmoja zingehudumia wengi sana palepale walipo. Utafiti wa REACH, uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda na kutolewa matokeo mwishoni mwa 2018, ulionyesha kuwa haidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku, ilipunguza maumivu makali, haja ya kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Dawa ya kumeza tu!

Kinachokosekana ni mambo ya kawaida: tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga ili agundulike mapema, penisilini ya kumkinga na maambukizi mpaka atimize miaka 5, maabara inayofanya kazi, na muuguzi wa kumfundisha mama kupapasa bandama la mwanawe, chini ya mbavu za kushoto, kila akipauka ghafla au kupata homa. Likivimba, hospitali mara moja, hata usiku.

Upandikizaji nao ufanyike nchini, ila kwanza wataalamu wafunzwe na walipwe vizuri wabaki.