Blanketi la viraka la zambarau

Dada, umeuliza utafute zambarau gani kwa blanketi la binti yako. Usichukue moja tu! Changanya iliyokoza, iliyopauka na nyeupe kidogo, ndipo rangi anayoipenda itang'aa. Wangu nilimshonea kwa kanga. Fua kila kitambaa peke yake kwanza hadi maji yatoke safi, maana zambarau huchuja, na pamba hurudi. Kata viraka vya sentimita 15. Mshono ukila sentimita 1 kila upande, hubaki 13. Viraka 130, yaani 10 kwa 13, vinatosha kitanda kidogo. Katikati weka blanketi jepesi, chini shuka la pamba. Kwenye kona moja niliacha jina la kanga lisomeke. Hulala amepashika hapo hapo.