Umeme kichwani na umakini wa macho: maswali yenu

Nasikia kuna watu hupitishiwa umeme kichwani ili wawe makini zaidi. Si ndio ule wa kuwapiga shoti wagonjwa wa akili?

Hapana. Ule ni mkondo wa takriban miliampia 800, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na lengo ni kumletea degedege. Huu ni miliampia 1 au 2 kwa dakika 20 hivi, kupitia sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Mtu yuko macho, anawashwa ngozi kidogo basi. Umeme huo haulazimishi seli za ubongo kufanya kazi. Unazifanya tu ziwe nyepesi au nzito kuamka.

Kwa nini sponji huwekwa upande wa kulia, juu kuelekea kisogoni?

Hapo pana utamu. Sehemu hiyo ya ubongo ina kazi kubwa ya kugawa umakini kati ya kushoto na kulia. Ikipigwa na kiharusi, mgonjwa anaweza kula nusu ya sahani na kunyoa ndevu za upande wa kulia tu, kama vile kushoto hakupo, na macho yake ni mazima kabisa. Mpe mstari atie alama katikati: ataitia mbali, kulia. Sisi wazima nasi hukosea, ila kidogo tu, na mara nyingi kuelekea kushoto. Basi watafiti humpa mtu mistari kabla na baada ya umeme, wakaangalia kama alama imehama. Kwa baadhi ya wagonjwa imesogea kuelekea katikati. Kwa wazima majaribio yanapingana, nami sishangai: sehemu kubwa ya mkondo huishia kwenye ngozi na fuvu, na mafuvu hayalingani unene.

Nilijitolea kwenye jaribio nikaona vimulimuli. Ubongo uliamka?

Yaelekea ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mkondo huvuja hadi machoni, hasa sponji ikiwa kwenye paji la uso, na unapopanda au kushuka ndipo vimulimuli huonekana. Kuwashwa nako si ushahidi: watu wa kundi la kulinganishia, wasiopewa umeme kamili, nao huwashwa, kwani hupewa umeme sekunde 30 hivi, kisha mashine inazimwa bila wao kujua.

Nikijiundia kifaa changu kwa betri ya volti 9?

Usithubutu. Sponji ikikauka, ngozi inaungua. Mwenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha moyo ndiyo asiguse kabisa. Halafu sponji utaiweka wapi? Maabara hupima kichwa kwa utepe, toka juu ya pua hadi kisogoni na toka sikio hadi sikio, ndipo waifunge.