Mwanangu, kuhusu Studd na mkewe

Mwanangu,

Sisi huku wazima, isipokuwa goti la mama yako, ambalo unalijua.

Umeniuliza kama yule mmisionari Mwingereza, Charles Studd, alifanya vema kumwacha mkewe mgonjwa Uingereza akaenda Kongo. Najua kwa nini unauliza sasa, na mkataba wako wa kazi ya Doha uko mezani. Nitafika huko. Lakini huwezi kumhukumu mtu yule kabla hujajua yaliyompata kwenye uwanja wa kriketi wa Oval, London, Uingereza ilipocheza na Australia, Agosti 1882.

Studd alikuwa mmoja wa wale waungwana wa kriketi: shule ya Eton, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, na baba aliyetajirika kwa mashamba ya nili huko India. Waungwana walicheza bila mshahara. Waliolipwa walikuwa watu wa kazi, na hata chumba cha kubadilishia nguo hawakuchangia. Mwaka ule, akiwa na miaka 21, alikuwa ameshawapiga Waaustralia mikimbio, yaani pointi za kriketi, zaidi ya mia katika kila moja ya mechi mbili tofauti. Basi siku hiyo Uingereza ilihitaji mikimbio 85 tu ishinde. Spofforth, mrusha mpira wa Australia, akaanza kuwafyeka. Nahodha Hornby akamweka Studd akiba mpaka nafasi ya 10. Husimuliwa kwamba alikuwa akizungukazunguka kajifunika blanketi kwa baridi. Wapigaji husimama wawili, mmoja kila upande, na mpira huletewa mmoja tu; Studd alipoingia hakuletewa hata mmoja! Barnes, mwenzake wa upande wa pili, akatolewa mchezoni, akaja Peate, mtu wa mwisho, mchezaji wa kulipwa kutoka Yorkshire, akalivurumisha gongo na wiketi yake, vile vijiti anavyovilinda mpigaji, ikaangushwa. Wakashindwa kwa mikimbio 7. Peate alipoulizwa kwa nini hakumwachia Studd apige, akasema hakuweza kumwamini Bwana Studd.

Nawe unajua kwa nini hadithi hii hunikaa kooni. Fainali ya shule, mikimbio minne tu imebaki, mimi nasubiri upande wa pili. Baba yako mkubwa angekimbia mmoja tubadilishane upande, nipige mimi. La, akaona heri aupeleke mpira mawinguni, akadakwa. Na mpaka leo, harusini na matangani, anawaambia watu kwamba nilikuwa natetemeka. Nilikuwa nafunga kamba za kiatu! Nimesema na nitazidi kusema: asiyeletewa mpira hana hesabu ya kujibu.

Turudi kwa Studd. Mwaka 1885 akaenda China, na urithi wake, pauni 29,000, akaugawa wote. Zamani nilidhani alikuwa akitafuta ule mpira alionyimwa Oval. Lakini hapo simtendei haki. Kilichomgeuza ni kumwona kaka yake George akiwa mahututi, akajiuliza sifa za uwanjani zinamfaa nini mtu anayekata roho. Tena baada ya Oval alikwenda Australia na timu ya Uingereza chini ya nahodha Ivo Bligh, wakarudi na ushindi, kwa hiyo mipira aliipata. Hata hivyo… haya, naacha.

Kongo alikwenda mara ya kwanza 1913, akiwa na miaka 52 na afya mbovu. Akarudi huko 1916 na Uingereza hakuiona tena. Akiwa Ibambi akafanya kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha kule. Mkewe Priscilla, mwenye ugonjwa wa moyo, alibaki, akaamka kitandani akaendesha shughuli za misheni kutoka London. Alimfuata Kongo mara moja tu, 1928, kwa wiki mbili hivi. Mwaka uliofuata akafariki. Studd akafia Ibambi 1931.

Nilimsomea mama yako haya jana. Akasema msemo wangu wa mpira umenigeukia: huyo Priscilla naye, nani alimuuliza anataka nini? Nikamjibu kwamba Priscilla naye alijua anaolewa na mtu wa namna gani. Mwaka wa harusi yao, sehemu ya mwisho ya urithi ule, aliyopewa na mumewe, aliitoa yeye mwenyewe. Mama yako akanyanyuka akaenda jikoni, na unajua maana yake.

Kwa hiyo alifanya vema au vibaya? Ulimi unaniwasha, lakini sisemi. Studd hakuwa na mtoto mchanga nyumbani, wala hakukuwa na simu. Wewe umenieleza mshahara, nyumba na tiketi ya ndege. Mkamwana wangu amesema nini? Hilo hukuandika. Nitapiga simu Jumapili baada ya ibada, na naomba yeye ndiye apokee.

Baba yako