Mwekezaji anataka mtaji wake urudi kwanza: je, yafaa?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Mimi na mwenzangu tumeanzisha kampuni changa ya programu za simu, na tumepata mwekezaji wa kutupa milioni 2 kwa asilimia 20 ya hisa. Ana masharti mawili. Kampuni ikiuzwa, kwa bei yoyote ile, achukue kwanza milioni 2 zake ndipo tugawane kilichobaki kwa hisa. Pili, tusiuze wala tusikope bila idhini yake. Je, yafaa tutie saini? Tena kuna jambo linanikosesha usingizi: katika hesabu tulizomwonyesha, kila aliyepakua programu yetu tulimhesabu kuwa mteja, ilhali wengi waliifungua mara moja tu wakaiacha.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, naanza na hilo ulilolitaja mwisho, maana ndilo zito zaidi.

Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) alipita penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikagusa unyevu. Akamuuliza mwenye chakula, "Ni nini hiki?" Akasema kimenyeshewa na mvua. Akamwambia, "Mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Mwenye kughushi si katika mimi." Ameipokea Muslim. Hesabu zenu ni lundo lile lile: pakavu juu, pamelowa chini. Wala usiseme kila mwenye kampuni hufanya hivyo. Mwenye lundo lile hakutamka uongo hata neno moja, alinyamaza tu.

Ama sharti la kurudishiwa mtaji kwanza, halifai katika hisa. Tazama hesabu yenyewe. Anapotoa milioni 2 kwa asilimia 20, mmekubaliana kwamba kampuni, pamoja na fedha zake, ina thamani ya milioni 10: yeye ana 2, ninyi mna 8. Ikiuzwa kwa milioni 3, imeanguka kwa milioni 7. Kwa ushirika wa haki, yeye angebeba asilimia 20 ya anguko hilo, abaki na laki 6. Kwa sharti lake anatoka na milioni 2 na laki 2, na mzigo wote unawaangukia ninyi. Basi faida mnashirikiana, hasara mnaachiwa wenyewe! Wanazuoni wamekubaliana kuwa hasara katika ushirika hufuata mtaji, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 huko Jeddah mwaka 1992, lilizuia hisa zenye kutangulizwa katika malipo wakati kampuni inapofungwa na mali yake kugawanywa.

Hata hivyo usimwone mwekezaji kuwa dhalimu. Hofu yake ina msingi: fedha zikishaingia, mnaweza kuuza kampuni wiki ijayo kwa milioni 3 hiyo hiyo, mkatoka na milioni 2 na laki 4 ambazo nyingi ni zake. Dawa yake ni sharti la pili, nalo linafaa, kwani ni haki ya usimamizi na haigusi mgawanyo wa mali. Baraza hilo hilo limeruhusu hisa zenye upendeleo wa namna hiyo. Mnaweza pia kukubaliana kwamba hisa zenu ninyi waanzilishi ziwathubutikie kidogo kidogo kwa kadiri mnavyobaki kazini, yaani anayeondoka mapema asiondoke nazo zote.

Na kama hataki kabisa kuliacha sharti la mtaji wake kurudi kwanza, mpendekezee mudharaba badala ya hisa, yaani mkataba ambao yeye hutoa mtaji nanyi mkatoa kazi. Humo, kwa asili ya mkataba, mtaji hutolewa kwanza katika kilichopo ndipo faida igawanywe kwa kiwango mlichoafikiana. Lakini haudhaminiwi: ukipotea bila uzembe wala uvunjaji wa masharti kutoka kwenu, yeye amepoteza fedha nanyi mmepoteza jasho lenu, wala hana cha kuwadai. Mtu wa fedha akikataa na hili, ujue anataka kukopesha kwa jina la kushirikiana.

Allah amesema katika Suratu Swaad, aya ya 24, kwamba washirika wengi hudhulumiana, ila walioamini na wakatenda mema, "na hao ni wachache."

Kabla ya kuzungumzia sharti lolote, mpelekee hesabu mpya: waliopakua kando, wanaotumia hadi leo kando, na umwambie zile za mwanzo mlikosea mlivyozipanga. Akijitoa, ni haki yake. Akiwa tayari kuendelea, hapo ndipo mkae kuandika mkataba.

Wallaahu a'lam.