Joho la Bikira Maria limepukutika, nyuso zimebaki: kwa nini?

SWALI: Shikamoo. Nasomea ujenzi, na mwalimu alituonyesha picha za kikanisa cha Scrovegni kule Padova, Italia. Katika mchoro wa Kuzaliwa kwa Yesu nyuso zimekaa vizuri, lakini joho la Bikira Maria limepukutika, bluu imebaki kidogo tu. Ukuta ni uleule, mchoraji ni Giotto yuleyule. Imekuwaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umetazama kwa jicho la fundi. Ukuta ni uleule kweli, ila bluu ile haikuingia ukutani.

Kikanisa hicho ni cha Enrico Scrovegni, tajiri aliyenunua mwaka 1300 kiwanja chenye magofu ya uwanja wa michezo wa Warumi. Baba yake alijulikana kwa kukopesha kwa riba, na wengi wanaona mwana alijenga kwa nia ya kuitubia mali ile. Ukumbi wake una urefu wa mita kama 21 tu na upana wa mita 8 na nusu. Kilitabarukiwa tarehe 25 Machi 1305, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari. Miezi michache kabla, watawa wa jirani walikuwa wamelalamika kwamba jengo limezidi ukubwa ulioruhusiwa. Nyumba ya Scrovegni iliyokuwa kando yake ilibomolewa karne ya 19.

Sasa lipu. Chokaa mbichi inapokauka hunywa kaboni dioksidi hewani na kurudi kuwa jiwe. Rangi iliyokorogwa kwa maji matupu, ikipakwa lipu ingali mbichi, hufungwa ndani ya jiwe hilo. Ndiyo maana nyuso zimedumu miaka 700. Lakini chokaa haimngoji mtu, kwa hiyo fundi alipiga lipu kipande anachoweza kumaliza kukichora siku hiyo kabla hakijakauka, kisha kingine. Mle ndani vimehesabiwa zaidi ya 600. Mulika taa kwa ubavu na utaona mshono: ukingo wa lipu mpya umepanda kidogo juu ya ile iliyotangulia. Kwa mishono hiyo tunajua kazi ilianzia juu ikateremka. Mimi hupenda sana kuitazama, kwani ni kama kuhesabu siku za mtu kazini.

Bluu ya joho ni azuraiti, jiwe la shaba lililosagwa. Ukali wa chokaa mbichi huiharibu, tena ikisagwa laini sana hupauka, hivyo huachwa na chembe nene. Mafundi waliliacha joho hadi lipu ilipokauka, ndipo wakaishikiza rangi kwa gundi au yai. Gundi haiwi jiwe. Unyevu ukipanda na kushuka mwaka hadi mwaka, hulegea, na chembe zinadondoka.

Ndiyo sababu leo wageni huingia wachache wachache, baada ya kukaa kama dakika 15 katika chumba cha vioo kinachotuliza joto na unyevu wanaokuja nao. Pumzi zetu zina maji.

Nawe ukikuta rangi kwenye lipu ya chokaa ya nyumba kongwe, iwe Lamu au Unguja, usiifute kwa kitambaa kibichi. Gusa pembeni, mahali padogo, kwa ncha ya pamba yenye unyevu kidogo. Pamba ikitoka na rangi, simamisha kazi.